Muhogo Unaoponea Kileleni

Ukikagua muhogo wenye batobato, ugonjwa wa virusi, iwe Muyinga nchini Burundi au ng'ambo ya mpaka kule Ngara, Tanzania, usiishie kwenye majani ya chini yaliyojikunja na kuota mabaka ya manjano. Tazama kileleni. Zipo aina ambazo majani yake mapya huchipuka mapana, ya kijani, kama vile mmea haujawahi kuugua.

Kinga ambayo kila muhogo unayo ni ya kukatakata. Kirusi kinapozaliana huacha nyuzi pacha za RNA. Protini iitwayo Daisa huzikata vipande vya herufi 21 hadi 24, kisha protini ya Agonauti hushika kipande kimoja, ikakitumia kutambua na kuharibu kila ujumbe wa kirusi unaolingana nacho. Virusi navyo vina protini za kuivuruga kazi hiyo. Aina kali ya kirusi cha batobato iitwayo ya Uganda, ambayo ripoti ya 2004 ilionyesha imeshaingia Burundi, huumiza zaidi inapokutana na kirusi kingine cha batobato katika shina moja, maana kila kimoja huizuia kinga mahali pake.

Basi mihogo inayopona ina nini cha ziada? Ukinzani wake, uitwao CMD2, ulitoka kwenye mbegu za asili za Afrika Magharibi, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua jeni yake. Fununu ilitokana na hasara: mihogo hiyo ilipooteshwa upya maabara kutoka kwenye seli zilizopoteza umbo, ukinzani ulitoweka. Watafiti walidhani alama za kemikali zilizo juu ya DNA zimefutika. Wakazipima zote, wasione kitu. Hapo ndipo waliposoma DNA yenyewe, wakaibana sehemu inayotafutwa hadi herufi 190,000 hivi, na mwaka 2022 wakatangaza badiliko la herufi moja katika jeni ya POLD1.

Protini ya jeni hiyo hunakili DNA ya muhogo wenyewe. Haihesabiwi kabisa miongoni mwa walinzi. Lakini kirusi cha batobato hakina chombo chake cha kunakilia, huazima cha mwenyeji. Kwa uthibitisho, watafiti waliinyamazisha POLD1 katika muhogo dhaifu, nao ukaanza kupona. Napenda sana hatua hiyo, kwa kuwa kuinyamazisha kwenyewe kulitegemea ile mikasi ya Daisa.

Linalonitia hofu ni ugonjwa mwingine wa muhogo, michirizi ya kahawia, ulioripotiwa Burundi mwaka 2011. Virusi vya ugonjwa huo ni vya RNA na vina chombo chao cha kunakilia, kwa hiyo badiliko la POLD1 halivigusi. Majani yanaweza kupendeza huku muhogo ukioza ardhini. Anayechagua vipando kwa kutazama kilele peke yake na achimbe pia, akate muhogo vipande, aone kama ndani ni mweupe wote.