Wasomaji wa Majivu ya Olduvai

Chati ya historia ya dunia inaanzia zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita. Imegawanywa katika eoni nne, eoni zina era, era zina vipindi, na vipindi vina epoki. Mwanafunzi huikariri, akajibu mtihani, akasahau. Mimi naiheshimu kwa sababu ya kazi ya mikono iliyoijenga, na sijui mahali ambapo kazi hiyo inaonekana waziwazi kuliko kwenye kuta za Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania.

Kina cha bonde hilo hufikia mita 90 hivi. Mwaka 1913 mwanajiolojia Mjerumani, Hans Reck, alizipitia kuta zake akayapa matabaka namba, kutoka chini kwenda juu. Namba hizo zinatumika hadi leo. La tatu ni jekundu, na mtu hulitambua akiwa bado mbali.

Kuyapa namba kulikuwa mwanzo tu. Kazi hasa ni kuthibitisha kwamba safu ya majivu unayoiona hapa ndiyo ile ile iliyoko ng'ambo ya bonde. Hapo namvulia kofia Richard Hay, Mmarekani aliyeanza kazi Olduvai mwaka 1962 na kutoa kitabu chake kikubwa kuhusu jiolojia ya bonde hilo mwaka 1976. Majivu ya mlipuko mmoja wa volkano za Ngorongoro yalitua mahali pengi. Yaliyoangukia ziwa la magadi lililokuwapo zama hizo yalibadilishwa na maji yake makali, yakageuka madini yaitwayo zeolaiti. Yaliyotua nchi kavu yakabaki na sura nyingine. Basi safu moja hukutana nawe kwa sura mbili, na anayeamini macho peke yake hupotea. Hay alizifuata safu hizo ukutani kwa miguu, kisha akazichunguza punje zake kwa hadubini, mpaka madini yenyewe yalipotoa ushahidi.

Umri wa matabaka ulitafutwa na Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Sehemu ndogo ya potasiamu iliyomo katika mwamba hugeuka gesi ya argoni, polepole na kwa kasi isiyobadilika. Mwamba ukiwa umeyeyuka, gesi hutoroka. Ukishapoa, hunaswa ndani ya fuwele. Ukiipima, utajua fuwele ilipoa lini. Lakini fuwele chache za kale zilizosombwa na maji zikaingia kwenye majivu zinatosha kuharibu hesabu yote, kwa hiyo punje zilichambuliwa kama mchele wenye mawe. Mwaka 1961 walitangaza kwamba fuvu la zamadamu aliloligundua mwanaakiolojia Mary Leakey hapo Olduvai tarehe 17 Julai 1959 lilikuwa na umri wa miaka milioni 1.75. Akina Leakey wenyewe walikuwa wamekisia laki sita!

Mwaka 1963 Hay na Sherman Grommé walichapisha vipimo vya usumaku wa lava iliyo chini ya bonde. Zama zile ncha za sumaku za dunia zilikuwa zimekaa kinyume na leo kwa muda mrefu. Lava hiyo ilionyesha kwamba kwa kitambo fulani zilirudi katika mkao wa sasa. Kitambo hicho, kati ya miaka milioni 1.95 na 1.77 iliyopita, kinaitwa Olduvai duniani kote. Kule Vrica, kusini mwa Italia, mpaka wa miaka milioni 1.8 ndani ya epoki ya Plaistosini uko karibu kabisa na mwisho wa kitambo hicho. Hata wanaochunguza tope la vilindi vya bahari hulitaja bonde letu wanapopanga tarehe zao.

Walimu mnaopeleka wanafunzi Olduvai, tafadhalini msiishie kwenye habari za fuvu. Wasimamisheni vijana mbele ya ukuta, muwaonyeshe tabaka moja la majivu, na muwaachie muda wa kulifuata kwa macho hadi linapopotelea.