Heko, wanakili kaseti

Sifa za hevi metali ya miaka ya 1980 huwaendea wapiga gitaa. Mimi nawapongeza wanakili kaseti. Redio nyingi hazikuutaka muziki ule, basi vijana wa Marekani na Ulaya wakawa wanarekodi kaseti kwa kaseti na kutumiana kwa posta. Kila nakala ilizidisha mvumo wa utepe, lakini nani alijali? Hivyo ndivyo kaseti ya majaribio ya bendi ya Metallica ya 1982, No Life 'Til Leather, ilivyosambaa hata ikamfikia Jon Zazula, muuza rekodi wa New Jersey. Akawaita wanabendi, na mwaka 1983 kampuni yake, Megaforce, ikatoa albamu yao, Kill 'Em All. Kampuni kubwa zilikuja baadaye, chakula kikiwa kimeshaiva. Kwangu mimi, bila wale wa posta, thrashi, ile hevi metali ya kasi ya akina Metallica, ingebaki kelele za gereji.