Projekta ya Kuundwa Nyumbani: Hesabu ya Mwanga na Joto katika Pwani ya Lindi

Projekta ya video inayoundwa nyumbani ina sehemu kuu nne tu, yaani taa, kioo kinachochora picha, lenzi zinazokusanya mwanga na kuutupa ukutani, na kasha linalozishikilia sehemu hizo kwa vipimo visivyoyumba. Uchache huo wa sehemu huweza kumfanya fundi aamini kwamba ugumu wote uko kwenye lenzi, ilhali lenzi hutii kanuni moja ya hesabu, na kinachoamua kama picha itatazamika ni mwanga unaopotea njiani pamoja na joto ambalo mwanga huo huliacha ndani ya kasha. Kwa mkazi wa Mitwero katika pwani ya Lindi, mahali ambapo joto la mchana hupita nyuzi 30 kwa urahisi na upepo wa bahari hubeba chumvi, suala hilo la pili ndilo la kutangulizwa.

Ufundi wa kupunguza gharama za kuonyesha picha si mgeni nchini Tanzania. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa majaribio ya sinema za elimu uliojulikana kwa kifupi cha BEKE, ambao ulifadhiliwa na Shirika la Carnegie la New York na kuongozwa na L. A. Notcutt pamoja na G. C. Latham, ulitumia filamu ya milimita 16 badala ya ile ya milimita 35 ya majumba ya sinema, na sauti ikawekwa kwenye santuri badala ya kuchapwa kwenye filamu yenyewe. Gharama zilishuka, lakini mwendeshaji alibaki na kazi ya kuhakikisha kwamba filamu na santuri vinakwenda sambamba. Projekta ya nyumbani nayo ina sharti lake la aina hiyo, kwani fedha inayookolewa dukani hulipwa kwa mwanga.

Kioo kinachotumika kwa kawaida ni kile cha kompyuta mpakato iliyoharibika, kwa mfano cha inchi 15.6, chenye upana wa milimita 344 na kimo cha milimita 194. Kioo hicho hutenganishwa na taa zake za nyuma pamoja na karatasi nyeupe za kusambaza mwanga, kikabaki tabaka moja la kupitisha nuru, kisha huunganishwa na bodi ya kukiendeshea inayopokea picha kwa waya wa HDMI. Hatua hii hudai mkono mtulivu kuliko nyingine zote: pembezoni mwa kioo kuna ubao mwembamba wa saketi ulioshikiliwa na utepe laini kama karatasi, ambao katika kompyuta hukunjwa nyuma ya kioo, na hapa hauna budi kukunjuliwa ili usizuie mwanga. Utepe ukichanika hata kidogo, mistari ya wima hutokea kwenye picha, na kioo hicho hakitengenezeki tena.

Kioo cha namna hiyo kina vichujio viwili vya mwelekeo wa mwanga, ambavyo peke yake hula zaidi ya nusu ya nuru, na vichujio vya rangi nyekundu, kijani na buluu, ambavyo huacha takriban theluthi moja tu ya kile kilichosalia. Ukijumlisha na nyaya ndogo zilizotanda ndani yake, kinachopenya hadi upande wa pili ni kama asilimia 6. Taa ya LED ya wati 100 hutoa takriban lumeni 10,000, lumeni ikiwa kipimo cha wingi wa mwanga. Asilimia 40 ya mwanga huo ikifika kwenye kioo, zinakuwa 4,000, baada ya kioo zinabaki 240, na baada ya lenzi ya mbele hufika ukutani kama 190. Majumba ya sinema hulenga mng'ao ambao, kwenye pazia jeupe la kawaida, huhitaji luksi 150 hivi, yaani lumeni 150 kwa kila mita ya mraba. Picha yenye upana wa mita 1.5 ina eneo la mita za mraba 1.27, hivyo lumeni 190 huitosheleza kikamilifu; ikitanuliwa hadi mita 2, mwanga hushuka hadi luksi 84. Anayeahidiwa picha ya mita 3 kwa taa hiyo anadanganywa.

Upana ukishaamuliwa, lenzi hujipanga zenyewe. Kwa lenzi ya mbele yenye umbali wa fokasi wa milimita 320, yaani umbali ambao miale sambamba hukutana baada ya kuipita, na ukuzaji wa mara 4.36, kioo hukaa milimita 393 nyuma ya lenzi na ukuta huwa mita 1.7 mbele yake, vipimo vinavyoenea hata katika chumba kidogo. Mwanga wenyewe huongozwa na lenzi mbili za Fresnel, ambazo ni bapa za plastiki zenye mifereji ya duara, zilizotokana na kazi ya Mfaransa Augustin Fresnel kwa ajili ya minara ya kuongozea meli. Taa yake ya kwanza ya aina hiyo iliwashwa Cordouan mwaka 1823. Bapa la nyuma, lenye fokasi ya milimita 220 na taa ikiwa umbali huohuo, hunyoosha miale ipite sambamba kwenye kioo, na la mbele huikusanya iingie yote katika lenzi. Yasigusane na kioo, kwani mifereji yake itaonekana ndani ya picha.

Nafasi hiyo kati ya bapa na kioo ina kazi kubwa zaidi, nayo ni kupitisha hewa. Takriban asilimia 94 ya mwanga unaokifikia kioo haupenyi, na sehemu kubwa yake hubaki humo kama joto; kioo kikizidiwa na joto hilo, picha hufanya mabaka meusi, ambayo huondoka kikipoa. Vichujio vikiungua, hata hivyo, madoa yake hayafutiki. Feni moja ipulize kwenye nafasi hiyo na nyingine kwenye kipoza joto cha taa, na hewa iingie kupitia kitambaa kinachofuliwa mara kwa mara, kwa sababu vumbi lenye chumvi huvuta unyevu na kuozesha miunganisho ya bodi. Taa ya metali halaidi ya wati 400 hutoa mwanga mwingi zaidi, lakini umeme ukikatika hata kwa sekunde moja haiwaki tena hadi ipoe kwa dakika kadhaa, na kuiwasha huhitaji volti za hatari. Kwa pwani ya Lindi, LED ndiyo chaguo sahihi, kwa picha isiyozidi mita 1.5, usiku, madirisha yakiwa wazi. Anayehitaji picha ya kuwatosha watu wa kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, anunue projekta ya kiwandani iliyotumika.