Saa ya Mkono na Kazi ya Mkono

Katika lugha yetu neno saa lina kazi mbili. Ni sehemu moja katika ishirini na nne za mchana na usiku. Tena ni chombo kinachotuonyesha sehemu hiyo. Chombo chenyewe kilitoka nchi za mbali, lakini kilipofika kwetu kilifundishwa adabu mpya. Akrabu fupi inapokaa juu ya tarakimu 7 asubuhi, mtu wa Siongiroi husema ni saa moja, kwa kuwa huanza hesabu yake jua linapochomoza, wala haianzi katikati ya giza watu wakiwa wamelala. Chombo kilichokubali kutumika kwa hesabu yetu chaweza kuhukumiwa nasi pia, ijapokuwa aliyekifua hajapata kuiona milima ya chai.

Saa nitakayoipima mbele yako, msomaji, ni saa ya mkono iitwayo Series 2. Mwenye kuibuni ni Roger W. Smith, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1970, na karakana yake iko Isle of Man, kisiwa kidogo kilicho kati ya Uingereza na Ireland. Ilitolewa kwanza mwaka 2006. Kiwanda kikubwa hutoa maelfu ya saa. Karakana hii hutoa saa chache tu kwa mwaka mzima, na karibu kila kipande hufanyiwa humo humo. Mafundi wachache hukata, hukereza, hupiga tupa na kung'arisha.

Tuanze na uso wake. Ni uso wa fedha, uliotiwa nakshi ya mistari myembamba kwa mashine ya kale inayozungushwa kwa mkono. Juu ya fedha hiyo nyeupe hupita akrabu zenye pua iliyotiwa moto mpaka ikageuka buluu. Rangi hiyo si pambo tupu: jicho huipata upesi juu ya weupe. Chini kuna duara dogo la sekunde, na kando pana alama inayoonyesha nguvu iliyobaki kabla saa haijasimama. Uzuri wa namna hii wastahili sifa, maana kila kilicho kizuri humo kina kazi ya kufanya.

Sasa tuingie ndani. Hamna betri. Mwenye saa huzungusha kishikizo kilicho ubavuni, na kamani hujikunja. Inapojikunjua husukuma magurudumu yenye meno. Kama nguvu hiyo ingeachiliwa ovyo, akrabu zingekimbia kwa kitambo kidogo kisha zikasimama. Kwa hiyo pana kifaa kinachozuia na kuachilia, jino baada ya jino, kwa kufuata mwendo wa gurudumu dogo linalokwenda huku na huko. Katika saa nyingi za namna hii kifaa hicho huteleza juu ya meno na kuhitaji mafuta. Mafuta yakizeeka huganda, na saa hupotea. George Daniels, aliyeishi tangu 1926 mpaka 2011, alivumbua katika miaka ya 1970 njia ya kusukuma meno badala ya kuteleza sana juu yake. Kampuni ya Omega iliichukua njia hiyo mwaka 1999. Smith, aliyekuwa mwanafunzi wa Daniels, aliirithi na kuitengeneza zaidi.

Hizo ni sifa. Lakini hakimu asikilizaye upande mmoja hakuhukumu. Saa ya mkono ya betri na fuwele, ambayo iliingia sokoni mara ya kwanza Japani mwaka 1969, siku hizi kwa kawaida ina kipande cha fuwele kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde, na hushika wakati kuliko kamani yoyote. Mfugaji wa Siongiroi anayewahisha maziwa ya asubuhi kwenye mtambo wa kupozea, kabla hayajachacha, hapati faida kwa saa ya Smith ambayo asingeipata kwa saa ya bei ndogo iliyoning'inizwa kibandani. Ikiwa kazi ya saa ni kutaja wakati basi, na hapana zaidi, saa hii imeshindwa kesi.

Basi kwa nini isitupwe? Jibu limo katika habari ya ujana wa Smith. Alipokuwa angali kijana alijifundisha kwa kitabu cha Daniels, akafanya saa ya mfukoni kwa muda upatao mwaka mmoja na nusu, akampelekea bwana huyo. Daniels aliitazama akaikataa. Hakusema kwamba haiendi. Kosa lake, alisema, ni kwamba ilionekana wazi kuwa imefanywa kwa mkono. Alama za jitihada zilibaki juu ya kazi. Smith alirudi nyumbani akaanza ya pili, na vipande alivyoona havikutimia alivifanya tena na tena, kwa zaidi ya miaka mitano. Mwaka 1997 aliipeleka. Daniels aliuliza nani aliyefanya kipande hiki, na hiki, na kile. Kila mara jibu lilikuwa moja: ni mimi. Ndipo akamkubali kuwa mtengeneza saa.

Angalia, msomaji, maana ya maswali yale. Thamani ya kazi ya mkono haikuwa katika huruma kwa mkono uliochoka. Ilikuwa katika kuwako kwa mtu mmoja anayeweza kujibu juu ya kila kipande. Saa ya kibandani ikiharibika, hapana awezaye kusema: hilo ni langu. Mwenye kujibu hivyo hujinyima visingizio vyote, na hiyo ndiyo sifa kuu ya saa hii.

Pana lawama moja lakini, nayo si ndogo. Saa ile ya pili iliuzwa mnadani New York mwaka 2023 kwa zaidi ya dola milioni 4. Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho na watu waliohofia kazi zao. Mkono wa mchumaji nao una elimu: huchagua majani mawili na chipukizi, ukaacha jani gumu ambalo mashine hulikata bila kujua. Mkono mmoja hulipwa mali ya mfalme, na mwingine huambiwa kuwa unachelewesha kazi. Saa ya Smith haikuleta dhuluma hiyo, bali yaifichua. Dunia hulipa kazi ya mkono pale inapokuwa adimu, yenye jina la mwenyewe juu yake. Majani ya mchumaji huchanganywa na ya wengine kiwandani, na jina lake hupotea.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kwa kuonyesha wakati, saa hii ni ya kawaida. Kwa ukamilifu wa kazi, ni miongoni mwa vilivyo bora vya zama zetu. Kwa bei yake, imejitenga na karibu watu wote. Wewe huenda usiivae kamwe, nawe huna hasara. Lakini maswali ya Daniels hayana bei. Utakapopewa kigoda, kikapu, au insha yako mwenyewe uihakiki, uliza juu ya kila sehemu: nani amefanya hii, na kwa nini iko hivi? Kazi iliyo na mtu wa kujibu maswali hayo yastahili heshima, iwe imefuliwa kisiwani au imechumwa mlimani.