Kivuli: Maana ya Msingi na Istiara katika Mazingira ya Isiolo

Neno kivuli hubeba dhana mbili ambazo lugha nyingine huzitenga: giza linalofuata umbo la kitu kinachozuia mwanga, na pahali palipokingwa na jua. Kioromo, lugha ya Waborana wa Isiolo, huita la kwanza gaaddidduu na la pili gaaddisa. Kiswahili humwachia msikilizaji kuamua kwa muktadha. (Maana ya tatu, yaani mzuka, haihusiki hapa.)

Utata huu si kasoro, ila huzaa makosa ya uhakiki. Anayeandika kwamba Isiolo ilibaki kivulini mwa maendeleo amechukua istiara ya Kiingereza, ambamo kivuli ni kufichika na kupuuzwa. Katika nchi ya migunga na jua kali, kukaa kivulini ni neema. Mifugo hupumzishwa hapo na wazee huamulia kesi zao hapo. Sheria ya kikoloni ya 1902 iliyotumiwa baadaye kulifunga eneo la kaskazini ilizungumzia wilaya za pembezoni. Picha hiyo, kwa ukatili wake, ni ya kweli zaidi: aliyesukumwa pembezoni amenyimwa kivuli, hakuachwa ndani yake.

Methali zaunga mkono usomaji huu. "Kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua" huelezwa shuleni kuwa msaada hafifu haufai. Maelezo hayo ni sahihi lakini ni makavu. Kwa mchungaji, fimbo ni chombo chake mwenyewe, pengine ndicho pekee alicho nacho malishoni. Methali inampima mtu kwa kile anachokitegemea, wala haimdhihaki mfadhili peke yake.

"Kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali" ina ugumu zaidi. Wengi huisoma kama lawama isiyo na masharti: mkubwa huwafaa wageni, jamaa wakaungua. Lakini mvumo hutupa kivuli mbali asubuhi na jioni tu. Isiolo i karibu mno na Ikweta. Adhuhuri ya Machi au Septemba jua huwa karibu utosini, na kivuli cha mti mrefu huangukia shinani pake. Msomaji anayeijua mikoma ya kando ya Ewaso Nyiro hana haja ya kufundishwa jambo hili. Kwake methali inataja saa pamoja na tabia, na swali linalobaki ni kwa nini jamaa wa mvumo hufika shinani jioni.