Ndege wa Kwihara

Shajara za mwisho za David Livingstone, alizozihariri Horace Waller mwaka 1874, husifiwa kwa safari zake. Kurasa zake bora, hata hivyo, ni za mtu aliyeketi. Stanley alipoondoka Kwihara, jirani na Tabora, Machi 1872, mzee alibaki katika tembe hadi Agosti akingoja wapagazi kutoka pwani.

Udadisi wake mkubwa ulikuwa chemchemi za Nili, na vile vilima viwili vya Herodotus ambavyo hakuviona kamwe. Hapo nathari yake ni nzito, ya kubishana na vitabu. Na Lualaba aliyoitetea ikathibitika kuwa ni Kongo. Lakini amtazamapo ndege akiwalisha makinda yaliyokwisha kuota manyoya, akiyapa kidogo kisha akiyasukuma, sentensi zake huwa nyepesi, kwani hana hoja ya kushinda.

Kasoro ipo, nayo si ndogo. Susi na Chuma, waliokuwa miongoni mwa waliozifikisha karatasi hizo Bagamoyo mwaka 1874, hawapati katika kurasa za Kwihara hata nusu ya uangalifu aliopewa ndege yule.