Supu, ubao na daftari

Supu ya makongoro inayonywewa saa kumi na mbili asubuhi hapa Mgololo haikupikwa asubuhi. Ilibandikwa jana jioni. Mama mwenye mgahawa ninaoupenda huanza na mabanzi ya misindano, yale masalia ya mashine za mbao yaliyojaa Mufindi nzima. Banzi lina utomvu: linawaka kwa fujo, linachemsha upesi na kuipaka sufuria masizi mpaka masikioni, lakini halikai. Maji yakishatokota na povu likaenguliwa, mama anayavuta mabanzi nje na kusukuma ndani gogo moja la mlingoti. Kaa lake linashika hadi alfajiri.

Huo moto wa pili ndio unaopika. Kongoro ni kano na ngozi tupu, na kano huanza kuyeyuka na kuwa ute kwenye nyuzi 70 hivi, ilimradi zipewe saa za kutosha. Hazidai mchemko. Maharage ndiyo yenye kisirani. Kule Mafinga, mji wa nyanda hizi hizi za juu, mita zaidi ya 1,800 juu ya bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 94, na maharage yanakula kuni huku yamekukodolea macho. Ubaoni kwa mama, makongoro yapo kila siku. Maharage yanakuja na kuondoka. Nilidhani ni mapenzi ya wateja, kumbe ni hesabu ya kuni.

Ubao wenyewe una mistari minne kwa chaki: supu, chapati, wali, na chakula cha siku. Kila nikiutazama nakumbuka Ufaransa. Mgahawa wa kweli wa Kifaransa Mgololo hakuna, wala sitarajii kuuona. Ila Wafaransa wana kimgahawa chao cha mtaani, bistro, ambacho mwenyewe anakujua kwa jina na chakula kinaandikwa vivyo hivyo kwa chaki kwenye kibao cha sleti. Kuna hadithi kwamba jina hilo waliliacha askari wa Urusi walioingia Paris mwaka 1814 wakihimiza waletewe upesi. Ni hadithi tamu, lakini neno lenyewe halionekani kwenye maandishi mpaka miaka ya 1880.

Kinachonivutia mimi ni waliokuwa nyuma ya kaunta. Wengi walikuwa watu wa Auvergne, nyanda za juu za Ufaransa, walioteremkia Paris kuuza kuni na makaa. Pembeni ya magunia ya makaa wakaweka mvinyo, baadaye chakula. Mtu wa milimani mwenye kuni hakosi sufuria.

Na sufuria ya wafanyakazi Paris ilikuwa na ujanja uleule wa kwetu. Mwaka 1855 mchinjaji mmoja, Pierre-Louis Duval, alifungua nyumba ya supu karibu na soko kuu la Les Halles. Minofu mizuri ilikuwa na wateja wake wenye fedha. Nyama nyingine aliichemsha, akawauzia wapagazi wa soko bakuli la mchuzi na kipande cha nyama. Kufikia mwaka 1900 nyumba za namna hiyo Paris zilikuwa karibu 250. Mama naye anachukua kwato buchani kwa mali kauli, analipa jioni, na hajawahi kugombania sarara na mtu.

Lakini supu nzuri peke yake haiuweki mgahawa hai hapa. Mgololo ni mji wa mshahara. Kiwanda cha karatasi kilianza kazi mwaka 1985, kikilishwa na misitu ya Sao Hill. Miaka ya 1990 kikasimama, na mwaka 2004 kikaingia mikononi mwa kampuni binafsi. Mji unaokula kwa mshahara unanunua taslimu wiki ya kwanza na kukopa wiki ya nne. Ukutani pameandikwa "Kukopa harusi, kulipa matanga", na chini yake, mezani, limelazwa daftari la mikopo. Sijaona mtu akicheka.

Kwa Kifaransa, neno la kile kibao cha sleti ndilo pia la deni la mteja: chakula na mkopo, chaki ileile. Mama ametenganisha, na nadhani amefanya vizuri zaidi. Ubao unafutwa kila siku. Daftari halifutwi, linakatwa mstari. Pia ana kanuni ambayo hajaiandika popote: supu na chapati zinakopeshwa, soda haikopeshwi. Supu ni mali kauli kwake mwenyewe na mtaji wake ni usiku mmoja wa kuni. Soda kainunua taslimu.

Majina kamili hayamo. Kuna "Mrefu wa Boila", kuna "Baba Mapacha", kuna mmoja kachorewa kofia tu. Mimi nimo kama "Mwandishi": bakuli mbili, chapati tatu. Leo nimelipa za juzi.